Afya ya Jamaa: Kila Dawa na Mlango Wake



Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo sana, kisichozidi harage kwa ukubwa. Karibu kila nyumba inacho: katika kikombe juu ya kabati, katika kikapu cha mama, au katika mfuko wa koti la baba. Ni kapsuli, yaani dawa ile iliyofungwa ndani ya ganda laini, mara nyingi la rangi mbili. Hutolewa hospitalini na katika vituo vya afya. Huuzwa katika maduka ya dawa, na hata sokoni juu ya meza ya mchuuzi, penye jua kali la mchana.

Wengi wetu twadhani kwamba lile ganda ni kifuniko tu, kama karatasi ya sabuni, na kwamba mwenye akili hulivua apate dawa yenyewe. Basi tazama yanayotendeka nyumbani mwetu. Baba amejikata mguu kwa panga shambani. Anafungua kapsuli mbili na kumwaga unga wake juu ya kidonda. Mama ana mtoto anayekataa dawa. Anafungua kapsuli na kuikoroga katika uji. Babu amepewa kidonge cha kumeza mara moja kwa siku. Anakiona ni kikubwa, anakitafuna kama karanga. Wote watatu wamekusudia mema. Lakini yawezekana kwamba wote watatu wameharibu kazi ambayo wataalamu waliifanya kwa miaka mingi, nayo ni hii: kuifikisha dawa mahali pake, kwa saa yake.

Majani ya msafiri

Fikirini mtu anayetoka Kabambare kwenda Kasongo kwa miguu. Njia ni ndefu, hupita kilometa 100, yenye mito, matope na vumbi. Mkewe amemfungia chakula katika majani, akakaza kamba vizuri. Mtu yule akiyafungua majani kwenye kilima cha kwanza ili atazame tu, vumbi litaingia na nzi watatua; jioni akiona njaa atakuta chakula kimechacha. Lakini akikitunza kifungo chake mpaka mahali pa kulala, atakula vema na kesho atakuwa na nguvu za kutembea. Majani si chakula. Lakini bila majani chakula hakifiki.

Ndivyo lilivyo ganda la kapsuli. Si dawa, lakini bila lenyewe dawa nyingi hazifiki zinakotakiwa.

Ganda hilo lilianza huko Ufaransa. Mwaka 1834 Mothes wa Paris, pamoja na mwenzake Dublanc, walipata hati ya serikali kwa kapsuli yao ya jelatini. Shabaha yao ilikuwa kuficha ladha mbaya ya dawa, ili mgonjwa asitapike. Mwaka 1846 Mfaransa mwingine, Lehuby, akaandikisha kapsuli ya vipande viwili vinavyoingiana kama kifuniko na chupa yake. Ndiyo aina mnayoiona leo mara nyingi. Jelatini hupatikana kwa kuchemsha mifupa na ngozi za wanyama. Katika hali ya baridi hukaa imara. Katika joto na unyevu wa mwili hulainika na kuyeyuka kwa dakika chache. Kwa sababu hiyo kapsuli zisiwekwe juani wala karibu na mafiga. Zikishikamana au zikilegea kabla ya kumezwa, ganda limekwisha kuharibika.

Tumbo lina moto wake

Mwenyezi Mungu ameweka ndani ya tumbo la kila mtu maji makali, ambayo mara nyingi ukali wake hupita ule wa ndimu. Kazi yake ni kusaidia kusaga chakula na kuua vijidudu vingi tunavyovimeza. Lakini maji hayo hayajui kutofautisha nyama na dawa. Ziko dawa ambazo zikikutana nayo huharibika kabisa. Ziko nyingine zinazochoma ngozi ya tumbo.

Hapo ndipo wataalamu walipojiuliza: tufanyeje ili dawa ipite tumboni salama, ifunguke huko mbele katika matumbo, ambako ukali umepungua? Mwaka 1884 mganga mmoja wa Hamburg huko Ujerumani, jina lake Unna, alivipaka vidonge kitu kinachotokana na pembe, cha aina ile ile iliyomo katika kwato na kucha zetu, kwa kuwa hicho hakiyeyuki upesi katika maji ya tumbo. Baada yake wengine walipata rangi na magamba bora zaidi, yanayostahimili ukali wa tumbo, lakini yanayoyeyuka mara yafikapo matumboni.

Mfano mmoja ni omeprazoli, ambayo wagonjwa wengi wa vidonda vya tumbo hupewa. Ukiitazama ndani, utaona punje ndogo nyeupe, na kila punje imevikwa vazi lake. Mtu akizisaga punje hizo au akizitafuna, amezivua vazi; maji ya tumbo yanaiharibu dawa kabla haijafanya kazi. Kisha mgonjwa hulalamika akisema, «Dawa hii haina nguvu.» Kumbe nguvu ilikuwamo, naye mwenyewe aliitupa njiani.

Kuna na jambo la koo. Kapsuli ya doksisiklini, kwa mfano, ikikwama kooni huchoma na kufanya kidonda. Yafaa imezwe kwa maji mengi, mtu akiwa ameketi au amesimama, wala asilale mara moja. Kumeza dawa ya namna hiyo kwa mate tu, kitandani, katika giza, si ushujaa.

Dawa iliyofundishwa kungoja

Nyingine ni habari ya saa. Dawa nyingi hupanda haraka katika damu, kisha hushuka, na mgonjwa hulazimika kumeza tena mara tatu au nne kwa siku. Nani asiyesahau? Mwaka 1952 kampuni ya Marekani, Smith Kline & French, ilianza kuuza kapsuli iliyojaa punje ndogo mamia. Nyingine zilikuwa na vazi jepesi, nyingine vazi zito. Zile nyepesi zilifunguka kwanza, nzito zikafuata baadaye, saa baada ya saa. Kwa hiyo kapsuli moja ilifanya kazi muda mrefu, kama mtu anayetia kuni motoni kidogo kidogo usiku kucha, badala ya kuzitia zote jioni.

Leo ziko dawa nyingi za namna hiyo: za kushusha shinikizo la damu, za pumu, za maumivu makali. Basi fikirini yule babu aliyetafuna kidonge chake. Dawa iliyowekwa kwa ajili ya mchana na usiku mzima imeingia katika damu yake kwa muda mfupi. Ikiwa ni dawa ya shinikizo la damu, shinikizo laweza kushuka ghafula, naye akaanguka mlangoni. Watu watasema amerogwa. Hakurogwa; ametafuna kilichokuwa cha kumezwa.

Enyi mnaojua kusoma, tazameni maandiko ya boksi. Katika nchi yetu maboksi mengi huandikwa Kifaransa. Mkiona herufi LP, au neno «retard», au herufi SR kwenye dawa zinazotoka India, mjue kwamba dawa hiyo imefundishwa kungoja. Mkiona «gastro-résistant», imefundishwa kupita tumboni bila kufunguka. Dawa hizo zisivunjwe, zisisagwe, zisitafunwe, ila mwuguzi au mganga aliyeitoa akisema waziwazi namna ya kufanya. Kama mgonjwa hawezi kumeza, asifiche. Mara nyingi iko dawa nyingine ya maji au ya namna nyingine itakayomfaa.

Na yule baba aliyemwaga unga juu ya kidonda? Ampisilini, amoksisilini na tetrasiklini za kapsuli zimepimwa ili zipite matumboni, ziingie katika damu. Zikimwagwa juu ya kidonda hufanya ukoko mgumu, na chini ya ukoko huo usaha hukaa kwa raha. Wengine ngozi yao huwasha na kuvimba. Tena vijidudu vikizoea kuonja dawa kidogo kidogo, hujifunza kuishinda, na siku mtoto atakapoihitaji kweli haitamsaidia. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kifunikwe kwa kitambaa safi, na kikiwa kirefu au kikitoka usaha, mtu aende kwenye kituo cha afya.

Kapsuli mbili zilizo tofauti

Sasa msije mkasema, «Tumekwisha kuelewa: kila kapsuli humezwa nzima.» Sivyo. Ziko kapsuli mbili ambazo wazazi wa Kasongo na Kabambare wanapaswa kuzijua, nazo njia zake ni tofauti kabisa.

Ya kwanza ni ya vitamini A. Hiyo ina mafuta ndani, nayo hutolewa kwa watoto wenye miezi 6 mpaka miaka 5, mara mbili kwa mwaka. Ya buluu ina vipimo 100,000, kwa watoto wa miezi 6 hadi 11. Nyekundu ina vipimo 200,000, kwa watoto waliotimiza mwaka. Mtoto hapewi aimeze, maana yaweza kumkaba. Mhudumu hukata ncha yake kwa mkasi na kumkamulia mtoto matone kinywani. Kazi hiyo ni ya mhudumu, wala kapsuli hizo si za kuweka nyumbani, kwa kuwa vitamini A ikizidi hudhuru.

Ya pili ndiyo iliyotufanya tushike kalamu leo. Ni kapsuli ya artesunati, dawa ya malaria, ambayo haiingii kinywani hata kidogo.

Mtoto asiyeweza kumeza

Fikirini kijiji kimoja upande wa Lusangi, au huko Saramabila ambako watu wameona mapigano na kukimbia mara kwa mara. Ni usiku, mvua yanyesha. Mtoto wa miaka miwili alikuwa na homa tangu jana. Sasa anatapika kila kitu, hanyonyi, macho yamegeuka, mwili unakakamaa kwa degedege. Hospitali iko mbali. Pikipiki haipatikani kabla ya mapambazuko, na mto umejaa. Mama anacho kidonge cha malaria mkononi, lakini akitie wapi? Mtoto hawezi kumeza. Na mwenye sindano yuko wapi?

Malaria kali haingoji asubuhi. Yaweza kumwua mtoto kwa saa chache, au kumwachia udhaifu wa ubongo maisha yake yote.

Kwa ajili ya saa kama hiyo wataalamu walitafuta mlango mwingine. Artesunati yatokana na mmea wa China uitwao kwa jina la elimu Artemisia annua. Katika miaka ya 1970 mama mmoja mtaalamu, Tu Youyou, pamoja na wenzake, waliitoa dawa katika mmea huo, naye mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Kisha dawa ya jamii hiyo ikatiwa katika kapsuli laini ya miligramu 100, ambayo huingizwa katika njia ya haja kubwa. Huko ndani joto na unyevu wa mwili hulegeza ganda, dawa yatoka, yapita katika ngozi laini ya mahali pale, na kuingia katika damu. Haikuhitaji koo, wala tumbo, wala sindano.

Mwaka 2009 jarida la waganga liitwalo The Lancet lilitangaza matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Tanzania, Ghana na Bangladesh, juu ya wagonjwa zaidi ya 17,000. Ilionekana kwamba kwa wale ambao baada ya saa 6 walikuwa hawajafika bado hospitalini, kapsuli hiyo ilipunguza vifo na vilema vya kudumu kwa karibu nusu. Mwaka 2018 Shirika la Afya la Dunia, yaani OMS, liliidhinisha kapsuli za watengenezaji wawili wa India.

Mjumbe wa afya wa kijiji, ambaye wengi humwita reko, au mwuguzi wa kituo, ndiye anayempima mtoto na kujua kiasi. Dawa hii ni ya watoto walio chini ya miaka 6 wenye dalili za hatari. Kapsuli ikiisha kuingizwa, makalio ya mtoto hushikwa pamoja dakika chache isitoke. Ikitoka kabla ya nusu saa, mhudumu aambiwe aingize nyingine. Na hapa twawaomba mabibi na mama watuvumilie. Wengi wenu mmezoea kumtilia mtoto dawa za majani kwa njia hiyo hiyo, kwa mpira mdogo, pengine zenye pilipili. Katika saa ile acheni kabisa. Maji hayo yataisukuma nje dawa, na pilipili yachoma ngozi ile laini ambayo ndiyo mlango wenyewe.

Pengine baba mmoja atasema, «Aibu hiyo! Dawa gani ya kupita huko?» Baba yangu, aibu ya nani? Aliyeumba mwili ameuumba wote, wala hakuna kiungo alichokidharau. Aibu ni kuacha mtoto afe kwa sababu ya haya ya watu wazima.

Macho yakifunguka, msirudi nyumbani

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye hatari.

Toka mwaka 2018 mpaka 2020 kapsuli hizo zilipelekwa kwa wingi katika sehemu za Kongo yetu, Nigeria na Uganda, na wataalamu wakafuatia waone watoto wangapi watapona. Wengi walitumaini habari njema. Lakini matokeo yaliwahuzunisha: vifo havikupungua kama walivyotazamia. Kwa nini? Dawa ni ile ile, na mlango ni ule ule. Sababu kubwa zilionekana katika safari. Watoto wengi hawakufika hospitalini baada ya kapsuli. Na miongoni mwa waliofika, wengi hawakupata matunzo kamili. Mwezi wa Januari 2022 OMS ikazishauri nchi zisiendelee kuieneza kwanza. Mwaka 2023 ikaeleza tena kwamba dawa hii yafaa, lakini pale tu ambapo mnyororo wote umefungwa vizuri: mjumbe wa kijiji, safari, hospitali yenye dawa, na matibabu mpaka mwisho.

Twaelewa jinsi inavyotokea. Kapsuli imeingizwa, baada ya saa kadhaa homa yashuka, mtoto afungua macho, aomba maji. Jamaa yote yafurahi. Bibi asema, «Mungu ni mwema, amepona.» Baba ahesabu nauli ya pikipiki na fedha za hospitali, aona hazitoshi, asema, «Tungoje kesho.» Lakini mtoto hajapona. Kapsuli moja imewapiga vijidudu vya malaria pigo la kwanza, haikuwamaliza. Waliosalia watazaana tena, na ugonjwa waweza kurudi kwa nguvu. Tena malaria iliyoonja dawa nusu hujifunza kuizoea, na hasara hiyo ni ya kijiji chote.

Kwa hiyo shikeni neno hili: kapsuli ya artesunati si matibabu; ni masurufu ya njiani. Humpa mtoto muda wa kufika. Akifika, hupewa sindano za artesunati kwa saa zisizopungua 24, na akiweza kumeza hupewa dawa ya malaria ya mchanganyiko kwa siku tatu, bila kuacha hata siku moja. Hapo ndipo mtu aseme, «Mwanangu amepona.»

Kasongo ilikwisha kuonyesha njia

Wengine watasema mambo ya mnyororo huo ni ya nchi tajiri. La. Watu wa Kasongo wanayo sababu ya kutosema hivyo. Katika miaka ya 1970 waganga na wauguzi wa Kasongo, pamoja na Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerpen huko Ubelgiji, walijenga utaratibu uliokuja kujulikana mbali: kituo cha afya karibu na watu, chenye mwuguzi anayewajua; na nyuma yake hospitali inayopokea wale walioshindikana kituoni. Mwaka 1981 maandishi ya kikundi hicho cha Kasongo juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wadogo yalitangazwa katika The Lancet, jarida lile lile tulilolitaja. Jina la Kasongo lilisomwa na waganga wa nchi nyingi, si kwa habari ya vita wala ya biashara ya watumwa ya zamani, bali kwa habari ya uhai wa watoto.

Fundisho lao ndilo fundisho la kapsuli yetu. Dawa njema iliyo mahali pasipo pake ni sawa na kutokuwapo. Ikiwa ghalani Kindu, na mtoto yu Kabambare, haimsaidii. Ikiwa kijijini, na hospitali haina sindano, yamsaidia nusu. Ganda la kapsuli limetengenezwa ili dawa ifunguke mahali pake. Vituo, njia na wajumbe wa afya ni ganda la pili, kubwa zaidi, nalo twalitengeneza sisi wenyewe.

Kwa hiyo twawaambia Wakristo wa kila shirika: msingoje mtoto augue ndipo mtafute nauli. Wekeni sanduku dogo la safari za wagonjwa. Kila jamaa itoe kidogo baada ya mavuno. Mchague mwenye pikipiki atakayeamshwa usiku bila kunung'unika, na mtu wa kusindikiza. Mwulizeni mwuguzi wenu mapema: «Kapsuli za artesunati zipo? Na huko hospitalini, sindano zipo?» Kuuliza si kumkosea adabu. Akijibu hazipo, aandike kwa wakubwa wa zoni ya afya, nanyi mkumbushe.

Na wataalamu hawajalala. Mwaka 2016 kikundi cha MIT huko Marekani kilionyesha kapsuli ambayo ikifika tumboni hufunguka kama nyota yenye mikono sita, ikakaa humo hata majuma mawili ikitoa dawa kila siku. Waliijaribu kwa nguruwe, wakitumia ivermektini, dawa ambayo watu wengi wa kando ya mito ya Kongo huijua kwa jina la Mectizan. Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya kapsuli ya namna hiyo, iliyomezwa mara moja kwa juma na wagonjwa wa akili. Labda siku moja wagonjwa wetu wa kifua kikuu, wanaochoka kumeza dawa kwa miezi, watapata msaada wa namna hiyo. Twaomba iwe hivyo. Lakini hakuna kapsuli itakayombeba mtoto mgongoni na kumvusha mto Luama. Kazi hiyo imebaki ya baba na mama.

Mambo ya kushika

Kwanza: upewapo dawa, uliza maneno matatu: «Yaingia wapi? Saa ngapi? Mpaka lini?» Usiondoke kabla ya kujibiwa.

Pili: usifungue kapsuli, usisage, usitafune, bila kuambiwa na aliyekupa. Maji yakimwagika hayazoleki, na dawa iliyofunguliwa haifungwi tena.

Tatu: usimwage dawa ya kumeza juu ya kidonda.

Nne: usinunue kapsuli zilizokaa juani, zisizo na boksi wala tarehe.

Tano: mtoto mwenye homa asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege au aliyezimia, apelekwe saa ile ile. Kapsuli ya artesunati ikipatikana apewe, na safari iendelee. Homa ikishuka, safari iendelee. Macho yakifunguka, safari iendelee.

Kabla hatujaagana, mkumbukeni kijana Tobia katika Maandiko Matakatifu. Alipomvua yule samaki mtoni, malaika Rafaeli hakumwambia amle wote. Nyama yake ilikuwa chakula cha safari. Moyo na ini vilikuwa na kazi yake ndani ya nyumba ya arusi. Nyongo ilitunzwa safari nzima, mpaka waliporudi nyumbani kwa mzee wake kipofu. Ndipo ikapakwa machoni, naye akaona. Kama Tobia angaliila nyongo njiani, angalionja uchungu tu, na baba yake angalibaki katika giza. Tobia alisikia, akatunza, akafika.

Nasi tusikie, tutunze, tufike. Mungu awalinde watoto wenu.